Fungu la Saba

Sista Eftimia Carp alikuwa amekaa chumba cha mahojiano tangu saa mbili asubuhi, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja basi lililochelewa. Chai aliyoletewa ilikuwa imepoa bila kuguswa. Inspekta Sabri Geafer aliingia, akavuta kiti, akabwaga mezani jalada lenye jina la marehemu: Marcel Tudose, miaka thelathini na sita, mchomeleaji, karakana ya meli, bandari ya Konstanta.

"Tuanze upya, sista."

"Tuanze hata mara kumi. Maneno yangu hayabadiliki."

"Chupa namba mia na kumi na nne. Vidonge mia. Iko wapi?"

"Vidonge vimekwenda na maji machafu. Kifuniko hakikukazwa, chupa ikanidondoka juu ya sinki, vikamwagika. Kidonge kilicholowa hapewi mgonjwa. Nikaandika kwenye daftari, nikatia sahihi."

"Jana ulisema ilivunjika."

"Chupa ya plastiki ivunjike vipi, mwanangu? Aliyesema ilivunjika ni mwendesha mashtaka wako. Mimi nilisema ilimwagika."

Sabri alipekua maandishi ya jana. Kweli, ndivyo alivyosema.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne moja, wiki tano na siku kadhaa zilizopita, Marcel alianguka karakanani akiwa bado ameshika kinyago chake cha kuchomelea, na saa sita mchana haikumkuta hai. Kwa wiki mbili alikuwa akitapika na kuharisha, akizilaumu soseji za kantini. Alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi tangu akiwa mtoto mchanga, na wenzake walipoambiwa ni moyo, waliamini. Lakini maabara ilikuta katika damu yake kolkisini, dawa ya jongo, nyingi kuliko mwili wa mtu unavyostahimili. Sabri aliijua dawa hiyo. Baba yake aliinywa kwa ajili ya kidole gumba cha mguu, na mama alikuwa akiifungia kabatini pamoja na sumu ya panya.

Siku kumi na moja alizunguka maduka ya dawa ya mji mzima. Hakuna hata moja lililowahi kumuuzia Marcel. Mahali pengine pekee palipokuwa na kolkisini ni kliniki ya utafiti iliyokuwa ikiwajaribia dawa hiyo watu wenye virusi. Marcel aliomba kuingia katika utafiti, akakataliwa. Stoo ya dawa za utafiti ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulining'inia shingoni mwa Sista Eftimia, muuguzi wa kliniki, ambaye alikuwa amemlea Marcel tangu akiwa kwenye nepi, katika makao ya watoto wagonjwa.

Mwendesha mashtaka Bogza alikuwa ameshaunganisha vipande vyake: Marcel alilia, sista akamhurumia, akamwibia chupa, akaandika uongo daftarini. Miaka mitano jela. Alitaka karatasi iwe mezani kwake saa kumi alasiri.

"Ulimpa Marcel dawa?" Sabri aliuliza.

"Sikumpa."

"Alikuomba?"

"Aliniomba. Nikamwambia amwulize daktari." Sista aliitazama saa ya ukutani. "Mtanifungia hapa mpaka saa ngapi? Leo arobaini yake. Saa saba Zenovia anagawa koliva ya matanga, na mimi natakiwa niwepo."

"Zenovia ni nani?"

Sista, mwenye miaka sitini na mmoja, aliyekuwa akijibu kila swali kabla halijatua, sasa alitazama mkoba wake kwanza. Vidole vyake vilikaza mshipi wa mkoba.

"Mmoja wa wanangu wa makaoni. Hana la kukwambia."

"Nimpigie nimwulize?"

"Usimpigie." Akavuta pumzi. "Basi andika. Nilimpa mimi."

Sabri aliiweka kalamu chini badala ya kuandika.

"Ulimpa nini?"

"Ile chupa. Mia na kumi na nne."

"Vyote?"

"Vyote mia. Andika, nitie sahihi, mniache."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Sabri. Alitoka nje kuipokea. Ilikuwa maabara. Walikuwa wamemaliza kupima vidonge vinne vyeupe vilivyobaki katika kisanduku cha dawa cha marehemu. Sabri alisikiliza, akauliza mara mbili, akaandika nyuma ya kiganja chake kwa kalamu kwa sababu hakuwa na karatasi: viwili dawa, viwili wanga mtupu.

Kabla hajarudi ndani, Bogza naye akapiga.

"Askari wa mlangoni ananiambia bibi amekiri."

"Amekiri."

"Safi sana. Samaki kaingia mwenyewe kwenye sufuria."

"Ndiyo kinachonisumbua, mkuu. Watu wengi wameshanidanganya humu ili wasiende jela. Huyu anadanganya ili aende."

"Geafer, mimi sitaki falsafa. Saa kumi."

* * *

Dokta Horia Vlaicu alifungua kliniki mwenyewe, maana Jumamosi hapakuwa na mtu. Alivaa sweta la kijani lenye kiwiko kilichochakaa, na alikuwa na haraka ya mtu anayetaka polisi waondoke.

"Nieleze utafiti wako kama unavyomweleza fundi bomba," Sabri alisema.

"Dawa za virusi zinafanya kazi. Virusi vimelala. Lakini kinga ya mwili hailali, Inspekta. Inabaki imesimama na silaha mkononi, miaka na miaka, na moto wake unaunguza mishipa ya damu. Kama makaa chini ya majivu. Watu wa hapa kwetu waliambukizwa kwa sindano za hospitali wakiwa watoto wachanga. Leo hawajafika arobaini na wana mishipa ya watu wa sitini. Moyo ndio unaowaua, si virusi. Kwa hiyo tunajaribu dawa za kutuliza huo moto. Kolkisini kidogo, kidonge kimoja kwa siku."

"Kila mtu anapata?"

"Nusu wanapata dawa, nusu wanga. Sura moja, ladha moja. Hata mimi sijui nani anakula nini. Nikijua, macho yangu yataanza kuona ninachotaka kuona."

"Chupa moja inaweza kuchanganya dawa na wanga?"

"Haiwezekani hata kidogo. Chupa ni dawa tupu au wanga mtupu, na mgonjwa anabaki na aina ileile mpaka mwisho."

Sabri alikitazama kiganja chake. Viwili na viwili. Basi vidonge vya Marcel vilitoka kwenye chupa mbili, kwa uchache. Hadithi ya sista ya chupa moja ilikuwa imekufa; ile ya sinki huenda ilimwagika kweli.

"Huyu Zenovia unamjua?"

Uso wa daktari ulifunguka kidogo. "Zenovia Pârlea! Yeye na wenzake watano ndio fahari ya utafiti huu. Walikua pamoja makaoni, mpaka leo wanaishi jengo moja. Hawajakosa siku hata moja. Kila mmoja nampa vidonge mia vya siku tisini. Chupa sita zinarudi, kila moja ina vidonge kumi. Si tisa, si kumi na moja. Wagonjwa wengine wanasahau, wanaangusha, mbwa anakula. Hawa, kumi kumi."

"Na hilo halikukushangaza?"

"Lilinifurahisha."

"Na damu zao?"

Daktari alikuna kiwiko chake. "Hapo kuna jambo. Katika watu sita nilitegemea wengine moto ushuke, wengine ubaki palepale. Umeshuka kwa wote, kidogo kidogo, karibu sawa. Niliwaandikia maabara kwamba mashine yao mbovu."

"Marcel ulimkataa kwa nini?"

"Dawa zake za virusi zina kidonge cha kusindikiza. Kinalizuia ini lisiyeyushe dawa nyingine upesi. Ukiweka kolkisini juu yake, haitoki mwilini, inarundikana. Na figo zake zilikuwa dhaifu. Kwa mtu kama yeye, dozi ndogo kila siku ni sumu."

"Wale sita hawana kidonge hicho?"

"Hakuna hata mmoja. Ningewachukuaje?"

"Ulimwambia Marcel hivyo? Kwamba itamuua?"

Vlaicu alifungua droo, akatoa nakala ya barua, akaisukuma mezani. Ilikuwa mistari mitatu na mhuri. *Tunasikitika kukujulisha kwamba hukukidhi vigezo vya kushiriki.*

"Nimeuliza, ulimwambia itamuua?"

"Vigezo vimeelezwa katika waraka wa utafiti. Una kurasa tisini."

"Alikuwa mchomeleaji, dokta."

Daktari alifunga droo. Sabri aliikunja ile nakala akaitia mfukoni bila kuomba ruhusa.

* * *

Ndani ya gari, upepo wa Bahari Nyeusi ukigonga vioo, alitoa kwenye mfuko wa ushahidi kisanduku cha dawa cha Marcel. Kilikuwa cha plastiki, chenye vijumba saba, kimoja kwa kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili. Jumatatu na Jumanne vilikuwa vitupu, maana hizo alizila. Jumatano mpaka Jumamosi, kila kijumba kilikuwa na dawa zake za virusi, na nafasi ya kile kidonge cheupe kilichokwenda maabara. Jumapili kulikuwa na dawa za virusi peke yake. Cheupe hakikuwepo.

Mara ya kwanza alipokifungua, Sabri alidhani Marcel aliishiwa. Sasa hakudhani hivyo. Mtu akiishiwa leo, kesho ataongeza. Huyu alipanga wiki nzima kwa siku moja, akaiacha Jumapili makusudi.

Alimimina mbegu za alizeti kutoka mfukoni juu ya dashibodi. Akapanga safu sita, kila safu mbegu saba. Watu sita, siku saba. Arobaini na mbili. Akazitazama. Kisha akatoa mbegu moja kwenye kila safu, akazipanga safu ya saba. Safu saba, mbegu sita sita. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua.

Watu saba, siku sita. Na siku ya saba, hakuna anayekula.

Alizikusanya mbegu akazirudisha mfukoni. Hakuwa na hamu nazo tena.

* * *

Mlango wa nyumba ya Zenovia, ghorofa ya nne, ulikuwa wazi kama inavyopasa siku ya arobaini. Ndani kulikuwa na watu sita na meza moja. Katikati ya meza palikuwa na sinia la koliva, ngano iliyochemshwa kwa sukari na jozi, juu yake msalaba wa pipi nyeupe na mshumaa uliofika nusu. Zenovia alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, kitambaa cheusi kichwani. Alimtazama Sabri kuanzia viatu.

"Wewe ndiye uliyemchukua mama yetu."

"Ndiye mimi. Inspekta Geafer."

"Atarudi lini?"

"Inategemea nitakachokipata hapa."

"Hapa utapata koliva. Kaa."

Mwanamume mrefu, mwembamba, dereva wa teksi kwa fulana yake, alisogea kumpisha kwenye benchi. Aliitwa Iorgu. "Geafer? Mtatari wa polisi, Mwislamu, anakuja kula koliva! Mama yako akijua?"

"Mama yangu ndiye aliyekuwa akiwaazima majirani sufuria ya kuipikia."

"Basi wewe ni wa ndani. Ila ukija na pingu, sufuria hatukurudishii."

Mmoja alicheka, akakatisha. Zenovia alichukua kijiko kikubwa akaanza kugawa. Sabri aliona macho yote yakifuata kijiko, kimya, kama watu wanaotazama mizani. Sahani saba, mafungu saba, sawasawa kama yamepimwa kwa uzi. Kila mmoja akachukua lake. Zenovia alichukua la mwisho. Sahani moja ikabaki bila mtu. Fungu la mgeni alilichota pembeni, kwenye kikombe.

"Mbona umechukua wa mwisho?" Sabri aliuliza.

"Sheria ya makaoni," Iorgu alidakia. "Anayegawa huchagua wa mwisho. Ndiyo maana hagawi vibaya. Ukitaka mkate usikatwe vibaya, mwambie mkataji asubiri."

"Na sahani ile?"

"Ya Marcel," Zenovia alisema. "Tulikuwa saba, tutagawa kwa saba mpaka leo jua litue. Baada ya hapo, Mungu amemchukua, tutagawa kwa sita."

Sabri alikula kijiko kimoja. "Mungu amrehemu," akasema, na wote wakaitikia. Kisha akainua macho kwenye rafu. Palikuwa na picha takatifu, picha ya Marcel na kinyago chake cha kuchomelea kimeinuliwa juu ya paji, na mbele yake kichupa cha jamu kilichooshwa. Ndani ya kichupa kulikuwa na vidonge vyeupe.

"Na vile vya nani?"

"Vya Marcel pia. Fungu lake. Tangu afariki."

"Viko thelathini," Sabri alisema.

Zenovia aliweka kijiko chini. "Umevihesabu kutoka hapo?"

"Jumapili tano tangu afe. Sita kila Jumapili."

Iorgu alimtazama Zenovia, Zenovia akamtazama polisi, na usoni mwake hapakuwa na woga wowote. Palikuwa na ukaidi.

"Sista Eftimia amekwambia?"

"Hajaniambia kitu. Kisanduku cha Marcel ndicho kilichoniambia. Niambie wewe sasa."

"Nikikwambia, daktari atatutoa kwenye utafiti."

"Atawatoa. Niambie."

Zenovia alivuta kiti, akakaa uso kwa uso naye.

"Mwaka wa tisini na saba tulikuwa tisa makaoni. Dawa za virusi zilikuja, za watu saba. Wakabandika orodha mlangoni pa ofisi. Nilikuwa nimeshajua kusoma, mimi ndiye niliyewasomea wenzangu. Titi hakuwamo. Gherghina hakuwamo. Tukauliza kwa nini, wakatujibu hawakidhi vigezo. Titi alikufa kabla ya Pasaka. Gherghina alikufa baada yake, kitanda cha pembeni yangu, na mimi nilikuwa na dawa chini ya mto. Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua kwamba naweza kumpa."

Hakuna aliyekuwa akila tena.

"Tukaapa. Hakuna tena atakayebaki nje ya orodha. Miaka yote hii, kikija kitu, tunagawa. Mwaka jana daktari akaleta dawa ya kulinda moyo. Sita tukachukuliwa. Marcel akaletewa barua. Hukukidhi vigezo. Neno lilelile, Inspekta! Alikaa hapo ulipokaa wewe, akaikunja ile barua mpaka ikawa ndogo kama kitufe."

"Kwa hiyo mkagawa."

"Mwanzoni tuligawana sita tu. Tuliambiwa wengine wanapewa wanga, tukasema basi tuchanganye, kila mtu apate kidogo cha kweli. Yeye alikataa. Anasema mimi nina dawa zangu, msinihurumie. Mwezi wa nane ndipo tulipomshinda. Kila Jumapili tunamimina vyote kwenye bakuli, arobaini na viwili, mimi nagawa, sita sita. Jumapili wote tunapumzika. Nani ameumia?" Akageukia picha. "Tulichelewa, basi. Tungemshinda mapema, ule moyo usingesimama."

Sabri aliifuta midomo yake kwa kitambaa, akakikunja, akakiweka mezani. Katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa amepeleka habari za kifo kwenye milango mingi. Hii ilikuwa habari ya pili ya kifo kilekile.

"Marcel hakufa kwa moyo," alisema.

"Hospitali walisema moyo."

"Walisema hivyo siku ya kwanza. Damu yake ikasema jambo jingine, nasi hatukuwaambia kwa sababu tulikuwa tunamtafuta mtu. Dawa zake za virusi zilikuwa na kidonge ambacho ninyi hamna. Kidonge hicho kilizuia hii nyeupe isitoke mwilini. Kwenu inaingia na kutoka. Kwake iliingia, ikakaa. Kila siku juu ya jana. Kutapika kule hakukuwa soseji."

Iorgu alisimama, akakaa tena. Mwanamke aliyekuwa karibu na dirisha alianza kusema "hapana, hapana, hapana," kwa sauti ndogo kama anayembembeleza mtoto.

Zenovia hakulia. Aliangalia mikono yake.

"Wiki ile ya mwisho," alisema, "alikuwa amekonda. Nikampa yeye fungu lake kwanza, kabla ya wote. Nikamwambia kula, upate nguvu."

"Ndiyo."

"Akasema tumbo linamuuma. Nikamwambia kula."

"Dada, hukujua."

"Usiniite dada." Kisha akainua macho: "Mama Eftimia anajua?"

"Nadhani alijua siku aliposikia jina la dawa. Chupa zenu zilikuwa zikirudi kumi kumi, na yeye ndiye anayezihesabu. Aliwafundisha mwenyewe kugawa mkate. Leo asubuhi nilipotaja kukupigia wewe simu, akakiri kwamba alimpa yeye."

"Mwongo."

"Mwongo mkubwa. Saa kumi atapelekwa mahabusu kwa uongo huo, asipotokea mtu wa kuufuta. Angefungwa miaka mitano ili ninyi msijue."

Zenovia alinyanyuka. Akakishusha kichupa kutoka rafuni, akakiweka mbele ya Sabri. Akachukua koti lake mlangoni.

"Andika jina langu. Mimi ndiye niliyegawa."

"Acha hiyo," Iorgu alisema. "Mimi ndiye niliyemshika mikono mwezi wa nane, tukamwambia hatoki hapa bila kumeza. Tulicheka siku ile. Andika langu."

"Wewe una mtoto."

"Na wewe una mdomo. Bakuli lilikuwa la watu sita. Inspekta, andika sita."

Wengine walikuwa wameshasimama, wanatafuta viatu. Sabri aliwaambia gari lake lina nafasi ya wanne. Iorgu akasema teksi yake iko chini, na leo mita haitawashwa. Kabla ya kutoka, Zenovia alirudi mezani, akalichukua lile fungu la saba, akalifunika kwa kitambaa cheupe.

* * *

Saa tisa na nusu waliingia kituoni, watu sita wenye makoti meusi, nyuma ya mpelelezi. Sista Eftimia alikuwa palepale na mkoba wake. Alipoona nani ametangulia, alimtazama Sabri kwa macho ambayo hakuwahi kutazamwa nayo hata na wauaji.

"Umewaambia."

"Nimewaambia."

"Miaka thelathini na tano nimewakinga na kila kilichoweza kuzuilika. Na wewe kwa siku moja..."

"Mama," Zenovia alisema. Akaweka sahani mbele yake, akafunua kitambaa. Akatoa kijiko mfukoni mwa koti, akakifuta kwenye mkono wa nguo. "Hukula. Kula."

Eftimia alishika kijiko. Alichota, punje za ngano zikamwagika mezani, na Iorgu akaziokota moja moja, akazirudisha kwenye sahani.

Sabri alikaa kwenye meza ya pembeni. Karatasi ya ungamo la asubuhi, ambayo haikuwa na neno wala sahihi, aliipiga mstari kutoka kona mpaka kona. Akachukua karatasi mpya, akaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, maana hakuwahi kuwa na mwandiko mzuri. Majina sita, moja chini ya jingine, na kila mwenye jina alikuja akatia sahihi bila kusoma. Chini ya la sita aliandika namba saba, akaacha nafasi, na kando yake akaibana kwa pini ile barua ya mistari mitatu.

Bogza alipiga saa kumi kasoro dakika mbili.

"Nasikia umenijazia kituo watu. Jina lipo?"

"Yapo sita. La saba linakuja."

"Saba? Geafer, kifo kimoja watu saba?"

"Ndivyo kinavyogawanyika, mkuu."

Alikata, akapiga namba ya kliniki. Iliita muda mrefu.

"Dokta Vlaicu? Geafer. Njoo kituoni, na uje na vifaa vya kupima damu, kuna watu sita hapa wa kuangaliwa leo hii." Akasikiliza. "Hapana, hizo kurasa tisini ziache. Njoo na kalamu."